Kicheko Kwenye Santuri

Mume wangu nilimsikia akipiga gitaa kwa mara ya kwanza kwenye barza ya mbele ya nyumba ya jirani yetu, Jumapili moja baada ya ibada. Hakuwa na gitaa mkononi. Alikuwa ameketi kando yangu kwenye benchi, na koti lake la kanisani, na gitaa lake lilikuwa linatoka ndani ya santuri.

Tulikuwa tunakaa Kapata, nje ya Kolwezi, kwenye nyumba za kampuni zilizopangwa mistari, zote sura moja, hata mtu akirudi amechoka aliweza kufungua mlango wa jirani na kuita aletewe chakula. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine kwenye atelie, karakana ya kampuni. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba, na yeye alizaliwa huku huku Katanga. Mimi ni mtoto wa Sandoa. Nilikuwa nimemzalia mapasa, ndivyo tunavyowaita watoto waliozaliwa pamoja, na tangu hapo hakuna aliyetuita kwa jina lingine: yeye Tata ya mapasa, mimi Mama ya mapasa. Wabelgiji walikuwa bado wanatawala. Miaka yao ilikuwa inakwisha, lakini sisi hatukuhesabu hivyo. Tulihesabu kwa ving'ora vya kazi na kwa watoto.

Jirani yetu huyo alikuwa karani, mtu wa tai na mafuta ya nywele, na katika mstari wetu ni yeye peke yake aliyekuwa na pikapu, mashine ya kuchezea santuri. Alikuwa ametumwa na kazi Elisabethville na akarudi na santuri ya aina tuliyokuwa hatujaiona: kubwa, nyepesi, inazunguka polepole, na upande mmoja tu una nyimbo nyingi. Aliibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sinia ya mayai.

"Musikie, bandugu," alisema. "Ule mwanamuke, nyimbo yake yote ya zamani iko humu. Ya mbele ajakuwa mukubwa."

Hakuhitaji kusema mwanamke gani. Kulikuwa na mwimbaji mmoja tu aliyeitwa hivyo, "ule mwanamuke," bila kuongeza kitu. Alikuwa amesimama kwenye majukwaa ya Jadotville na Elisabethville, na watu walisema hata Léopoldville, mji mkuu, walimpigia makofi ingawa huko watu hawakuwa wepesi kumsifu mtu wa Katanga. Nyimbo zake za mwanzo zilitoka kwenye santuri ndogo nzito, moja upande huu na moja upande ule, na nyingi zilikwisha kuvunjika au kukwaruzika majumbani. Sasa mfanyabiashara mmoja alikuwa amezikusanya zote, kuanzia ile ya kwanza kabisa. Kwenye ganda la karatasi la santuri kulikuwa na picha yake jukwaani, gauni la mabega wazi, mdomo umefunguka, mkono mmoja umenyooshwa pembeni kama anamwita mtu ambaye hayumo kwenye picha.

Wimbo wa kwanza ukapita, na wa pili. Watu walikuwa wanatikisa vichwa na kukumbushana. Katikati ya wimbo wa tatu mwanamke yule aliacha kuimba, na kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayezungumza na mwenzake jikoni, akasema: "Sema yote, kijana yangu!" Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kutoka kooni, na kabla hakijaisha gitaa likaingia.

Sijui kueleza mambo ya muziki. Gitaa lile lilikuwa linakimbia, linasimama, linageuka nyuma kumtazama mtu, linakimbia tena. Halafu mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa amekaa Jadotville siku za nyuma, akapiga kofi paja lake na kumgeukia mume wangu.

"Kumbe ni weye, Tata ya mapasa! Mi nilisema nakujua tangu zamani. Ni weye ulikuwa unamupigia!"

Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. "Ni zamani," alisema.

Lakini vidole vyake vya kushoto vilikuwa vinatembea juu ya goti, vikifuata. Niliviona. Kila mtu aliviona.

Lazima nieleze tulivyooana, maana bila hivyo mtu atasema nilikasirikia upepo. Baba yangu alikuwa mwinjilisti, na mchumba alipokuja Sandoa na wazee wake, baba alikuwa amekwisha kusikia kwamba kijana ana gitaa. Kwa baba, gitaa lilikuwa la mahali pa pombe. Alimwambia mbele ya watu wote: "Mutoto yangu ataingia nyumba moja na bwana yake. Ataingia na gitaa, hapana. Chagua." Mchumba akasema atauza, na akauza kweli, akaja kanisani mikono mitupu. Nilijivunia jambo hilo miaka yote. Nilikuwa nawaambia wenzangu kwenye pampu ya maji kwamba wangu aliacha gitaa kwa ajili yangu, kama vile waume wengine wanavyoacha pombe. Sikuwahi kujiuliza liliimba vipi. Wala hakuna aliyeniambia lilikuwa linamwimbia nani.

Tulirudi nyumbani, nikatenga bukari, ule ugali wetu, tukala. Nilijiambia kwamba muziki ni kazi kama kazi nyingine, na mtu anaweza kumchekea mpiga gitaa wake kama fundi anavyomchekea msaidizi. Lakini kile kicheko nilikuwa nimeingia nacho ndani ya nyumba, na hakikutoka.

Kapata nayo haikunisaidia. Kesho yake tu vijana wa atelie walikuwa wamekwisha kuyachukua maneno yale. Mume wangu akipita, mmoja anaita toka ng'ambo ya barabara, "Sema yote, kijana yangu!" na wengine wanacheka kwa kuigiza sauti ya kike. Watoto wakayachukua. Mapasa wangu mwenyewe wakayachukua, wakawa wanamwambia baba yao akikohoa. Yeye alikuwa anatabasamu kidogo, pembeni ya mdomo, na tabasamu hilo lilikuwa jipya kwangu. Alikuwa nalo wapi siku zote? Sokoni mwuza bitoyo, samaki wa chumvi, akaniuliza huku ananifungia: "Mama ya mapasa, na weye anakupigiaka?" Nikamjibu kwamba mume wangu ana kazi. Nilirudi nyumbani nimesahau nusu ya nilivyokwenda kununua.

Mke wa karani alikuwa mtu mpole, hakupenda kuniona nimejikunja. Nilianza kwenda kwake mchana, wanaume wakiwa kazini, nikisema nimekuja tushone pamoja. Nikishakaa namwomba aweke ile santuri. Aliiweka mara nyingi bila kuuliza, na siku moja akauliza.

"Unatafuta nini humu ndani, mama?"

"Nasikia tu."

"Sikia polepole," alisema. "Utajiumiza."

Nilikuwa najiumiza kwa makusudi. Nyimbo zilikuwa zimepangwa kama zilivyozaliwa, ya zamani kwanza, na kadiri nilivyozisikiliza ndivyo nilivyojua kwamba nilikuwa nasikia watu wawili wanavyozoeana. Kwenye wimbo wa kwanza gitaa linamfuata mwanamke yule nyuma nyuma, kama mtu anayeogopa kumkanyagia gauni. Kwenye wa pili limemfikia. Kwenye wa tatu kuna kicheko. Nyimbo mbili tatu zinazofuata wanaenda sambamba, mmoja anaanza neno na mwingine analimaliza, na kuna mahali mwanamke anachelewa kuingia na gitaa linamsubiri, linazunguka pale pale bila haraka, mpaka aje. Mahali hapo palinitoa machozi ya hasira. Mimi nilikuwa nimesubiriwa lini? Mume wangu alikuwa mtu wa kutembea mbele. Tukienda kanisani alikuwa hatua kumi mbele yangu, na mimi na mapasa nyuma tunakimbia.

Mwisho wa upande wa pili gitaa linabadilika. Ni mtu mwingine. Anapiga vizuri, labda vizuri zaidi, lakini hakuna kicheko tena na hakuna kusubiriana. Basi katikati ya wimbo mmoja na mwingine kuna jambo lilitokea, na mimi nilizaliwa hapo, kwa namna ya kusema. Kwenye ule ukimya ambao santuri inakwaruza kidogo kabla ya wimbo mpya, ndipo alipokuja Sandoa kuposa.

Niliuliza siku ya Alhamisi mchana, alipotoka zamu ya asubuhi. Nilikuwa nimepika sombe, majani ya muhogo, na samaki. Nilingoja anawe mikono.

"Ule mwanamuke, ulimutaka?"

"Nani?"

"Unajua nani."

Alimega tonge la bukari, akalifinyanga muda mrefu kuliko kawaida. Mume wangu hakuwa mwongo. Nilikuwa nimeliona hilo jambo zuri mpaka siku hiyo.

"Nilimutaka," alisema. "Nilimuomba tuoane. Alikatala."

"Na miye?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kitu rahisi.

"Weye uliitika."

Akala. Najua hakusema kwa ubaya. Kwake yeye lilikuwa neno la heshima, kwamba yule alikataa na mimi nilikubali, na hapo ndipo nyumba ilipotoka. Lakini mimi lilinipiga kifuani. Nilichukua sahani yangu nikaenda kula nje, kwenye kiti cha jikoni. Niliitika! Kama vile mtu aliyepiga hodi mlango mmoja ukafungwa, akaenda wa pili.

Sikupiga kelele. Nilinuna. Nilikuwa nampa chakula, namnyooshea nguo, namjibu akiniuliza, na zaidi ya hapo hakuna. Yeye alidhani ni mimba.

Wakati bado nimenuna, karani akaja jioni moja, jua bado liko juu, akiwa na watu wawili wa kamati ya serkle, ule ukumbi wa starehe wa wafanyakazi. Ule mwanamuke alikuwa anakuja Kolwezi. Alikuwa anapita mji kwa mji kwa sababu ya ile santuri kubwa, na angeimba serkle Jumapili mchana. Karani alikuwa amejifuta jasho kwa kitambaa kabla hajafika kwenye neno lenyewe.

"Anauliza kama Tata ya mapasa anaweza kumupigia wimbo mumoja. Moja tu. Ule wa tatu."

Mume wangu alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya spana na grisi, imekuwa mizito, na kidole kimoja cha kushoto kilikuwa na kovu la mkanda wa mashine. Kisha akanitazama mimi. Watu wote wakanitazama mimi.

Kama ningesema hapana, jioni ile ile mstari mzima ungejua kwamba Mama ya mapasa anaogopa santuri.

"Aende," nilisema. "Sababu gani asiende?"

Walimwazima gitaa la kijana mmoja wa cité, mtaa wa Waafrika. Alilichukua kwenda kulipigia karakana, si nyumbani. Nilimshukuru kwa hilo na nikamchukia kwa hilo.

Jumapili yenyewe, kabla ya saa sita mchana, gari lilisimama mbele ya nyumba yetu. Mume wangu alikuwa amekwenda serkle kusaidia kupanga benchi. Nilikuwa nafua nepi za mtoto wa jirani niliyekuwa nikimtunza, mikono yote povu, kitambaa cha kichwa kimelegea. Nikasikia, "Odi!"

Alikuwa mfupi kuliko kwenye picha. Hilo ndilo la kwanza nililoliona, na lilinifurahisha. La pili ni kwamba alikuwa mzuri, bila poda, na vumbi la barabara usoni, mzuri vile vile.

"Ni kwa Tata ya mapasa hapa?"

"Ndiyo, njo hapa."

"Miye njo…"

"Nakujua, mama. Ingia."

Aliingia, akatazama kiti, akangoja nimwambie akae. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Unipe mayi ya kunywa, mama. Na uniruhusu nitoe viatu. Miguu imevimba, barabara ya kutoka Jadotville ni mubaya."

Nilimpa maji kwenye glasi ya wageni. Akavua viatu, na miguu yake ilikuwa imevimba kweli, vidole vimebanana. Mapasa walikuja kumchungulia, na kabla sijawafukuza mmoja alikuwa amekwisha kupanda magotini mwake na mwingine anashika bangili. Watoto wangu hawakuwa watu wa kumwendea mgeni. Niliwaita, hawakuja.

"Bazuri," alisema. "Bamefanana na baba yabo hapa, kwenye paji." Akagusa paji la mtoto kwa kidole kimoja. "Na ye, bado anakunywa chai ya kupoa?"

Nilikuwa nageuza kuni. Miaka yote nilikuwa namgombeza mume wangu kwa sababu ya chai. Namwekea inatoka moshi, anaiacha, anatoka nje, anatazama baiskeli yake, anarudi imepoa ndipo anakunywa, na mimi nasema anadharau kazi ya mikono yangu. Nilidhani ni uzembe. Hajawahi kuniambia kwamba anaipenda hivyo.

"Kwangu anakunywa ya moto," nilisema.

Alinitazama, na nadhani alielewa, maana aliliacha neno hilo hapo hapo. Akanywa maji yake. Akasema alikuja kuniona mimi, si mume wangu. Hakutaka nikutane naye mara ya kwanza yeye yuko jukwaani na mimi niko kwenye benchi.

"Balikusanya nyimbo yangu bila kuniuliza," alisema. "Mi mwenyewe nilisikia kwenye duka. Ningejua, ningebaambia batoe kile kicheko. Nilikuwa mutoto. Mutu anacheka, hajui kama mashine iko nasikia."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kiburi chake. Sikujitayarisha kwa hilo. Nikakaa mbele yake, mikono bado ina povu, na nikamwuliza kilichokuwa kinanichoma.

"Sababu gani ulimukatala?"

Mtoto alikuwa anamzungusha bangili mkononi.

"Sikumukatala ye," alisema. "Nilikatala nyumba. Ningepika saa gani, ningeimba saa gani? Balikuwa banasema nitajuta." Akacheka kidogo, na kilikuwa kile kile kicheko, cha kooni, ila kimezeeka. "Siku ingine najuta. Siku ingine hapana."

Alipoondoka nilisimama mlangoni mpaka vumbi la gari likatulia. Nilikuwa nimemwonea wivu kwa sababu ya mume wangu. Sasa nilikuwa namwonea wivu kwa sababu nyingine, mbaya zaidi. Alikuwa amekataa nyumba! Alisema hivyo kama mtu anayesema amekataa chumvi. Mimi shangazi yangu alipokuja kuniuliza kule Sandoa, niliinamisha kichwa, na kuinamisha kichwa ndiyo ilikuwa ndiyo. Hakuna aliyenionyesha kwamba shingo ile ile inaweza kutikisika upande mwingine. Labda bado ningeitika. Lakini ningekuwa nimechagua.

Serkle ilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Nilivaa kitenge changu kizuri na kukaa mstari wa pili, mke wa karani kando yangu, mapasa miguuni. Yule mwanamke aliimba nyimbo zake mpya kwanza, na gauni lake, na viatu vimerudi kwenye ile miguu. Sikuona anaumia hata kidogo. Kisha akanyoosha mkono pembeni, na mume wangu akapanda jukwaani na koti lake la kanisani na gitaa la kuazima.

Mwanamke akaanza kuimba. Gitaa likamfuata, polepole, salama. Nikaanza kupumua. Ikafika mahali pale. Yeye mwenyewe hakusema yale maneno. Alinyamaza tu kumpa nafasi. Ukumbi mzima ndio ulioyasema, wanaume kwa wanawake, kwa sauti moja ya kutikisa bati: "Sema yote, kijana yangu!"

Na vidole vya mume wangu vikagoma.

Aliingia, akakosea, akarudi, akakosea tena. Kile kidole chenye kovu hakikufika pale kilipotakiwa. Niliona jasho linamtoka shingoni. Mtu wa nyuma akacheka. Mwingine akapiga mluzi. Nilitaka kusimama niwatukane wote mmoja mmoja, nilitaka ardhi ipasuke, nilitaka kumwita jina lake la utotoni ambalo mama yake alikuwa analitumia. Sikufanya lolote. Nilikaa na mikono yangu imeshika mabega ya watoto.

Yule mwanamke alimsogelea, bila haraka, akaweka kiganja chake juu ya nyuzi. Gitaa likanyamaza. Akawageukia watu, anatabasamu.

"Huu wimbo," alisema, "siku ya kwanza tuliufanya bila nyuzi. Gitaa ilikuwa imekatika. Mutasikia sasa vile ilikuwa."

Akaanza kupiga kwa vidole kwenye mbao za gitaa, tuku-tu, tuku-tu, lile gitaa likiwa bado kifuani kwa mume wangu, na akamtazama mpaka na yeye akaanza kupiga pamoja naye. Akaondoa mkono wake. Mume wangu akabaki anapiga ubao peke yake, sawasawa, bila kosa, na mwanamke akaimba juu yake, sauti tupu. Watu walisimama. Mwanamume aliyepiga mluzi alikuwa analia.

Sijui kama ni kweli kwamba siku ya kwanza nyuzi zilikatika. Nadhani aliitunga pale pale.

Kicheko nilikuwa ningeweza kukisamehe, kilikuwa cha ujana. Ule mkono juu ya nyuzi sikuweza. Mume wangu alikuwa anazama mbele ya macho yangu, mimi niliyemfulia na kumuuguza homa na kumzalia, na sikujua pa kumshika. Yule mwanamke alijua. Baada ya miaka yote hiyo alijua pa kuweka kiganja, na alikiweka mbele ya Kolwezi nzima.

Tulirudi kwa miguu. Mume wangu alikuwa amembeba mmoja wa mapasa begani, na siku hiyo hakutembea mbele, alitembea na mimi. Nilitafuta neno la kumwambia, na kila nililolipata lilikuwa na yule mwanamke ndani yake. Karibu na nyumbani alisema tu, "Kidole kilikatala." Nikasema, "Niliona." Nikamshika mkono huo wenye kovu, njiani, mbele za watu, kitu ambacho hatukuwa na desturi nacho. Alishangaa lakini hakuutoa.

Baada ya hapo alinunua gitaa. Lilikuja na mtu wa reli kutoka Mutshatsha, limechubuka, limefungwa kwenye gunia la makaa. Hakuniomba ruhusa na mimi sikumkumbusha maneno ya baba. Alikuwa analipiga akitoka zamu, amekaa barzani, mimi nachagua mchele. Alipiga vibaya. Wiki nyingi alipiga vibaya, anarudia kipande kile kile mpaka mbuzi wa jirani wanaondoka, na nilikuwa napenda. Lile la kukosea hakulipata mtu mwingine. Yule mwanamke alikuwa na kijana mwenye vidole vyepesi. Mimi nilikuwa na huyu, anayetafuta. Chai yake nilikuwa naiweka mapema dirishani, na sikumwambia kwa nini.

Vidole vikarudi, si vyote, vinavyotosha. Alipigia harusi na ubatizo. Wake za watu walikuwa wananiambia nina bahati, na mimi nilikuwa nawatazama ni nani anayesema hivyo na kwa macho gani.

Muda si mrefu kabla ya Wabelgiji kuondoka tulisikia kwamba ule mwanamuke amehamia Léopoldville moja kwa moja. Jioni moja kipaza sauti kwenye nguzo ya cité, kile kilichokuwa kinatutangazia habari na muziki, kikaleta wimbo wake mpya. Nilikuwa nasonga bukari. Mume wangu alikuwa njiani anakuja mezani, akasimama katikati ya ua.

Gitaa lilikuwa la mtu tusiyemjua. Alikuwa anapiga vizuri, tena vizuri sana, na mahali fulani katikati ya wimbo niliona taya la mume wangu limekaza, anatazama juu kwenye nguzo kama mtu anayemtazama mwizi juu ya paa.

"Anakimbia mno," alisema. "Hamungojee."

Nilijua hiyo sura. Nilikuwa nimeivaa miezi mingi kwenye nyumba ya karani. Alikuwa anamwonea wivu mtu wa Léopoldville, mtu asiye na uso, na mimi nikasimama jikoni na mwiko mkononi, roho inaniuma upya, maana kwa ajili yangu hakuwahi kumwonea mtu yeyote wivu.

"Chakula iko tayari," nilimwita.

Aliinua mkono, kwamba nisubiri. Alikuja wimbo ulipokwisha.